Hans Camenzind, Aliyechora 555 kwa Mkono

Hans Camenzind alifariki usingizini mwezi Agosti 2012, akiwa na umri wa miaka 78. Alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1934, akahamia Marekani mwaka 1960, na huko akamalizia maisha yake akibuni chipu (IC) za analogi, yaani zile zinazoshughulika na umeme unaopanda na kushuka kidogo kidogo, tofauti na za kompyuta ambazo kwazo umeme ama upo ama haupo. Fundi redio yeyote wa Kariakoo, au wa barabara ya Luthuli kule Nairobi, anaijua kazi yake. Ameishika, ameilehemu, ameing'oa kwenye bodi kuukuu siku ambayo dukani imekwisha. Ukimwuliza imetoka kwa nani atakusomea jina la kampuni lililochapwa mgongoni mwa chipu. Jina la Camenzind halijui, wala sioni ajabu, maana halimo katika vitabu nilivyosomea mimi wala katika vile ninavyofundishia.

Chipu yenyewe ni 555. Nilikuwa fundi redio kabla ya kuingia ualimu wa elektroniki katika chuo cha ufundi, na katika kazi zote mbili hakuna IC iliyopita mikononi mwangu mara nyingi kama hii. Ina miguu minane, na bei yake ni fedha ya chai. Kazi yake ni kuhesabu muda: unaishtua, inawasha kitu, inasubiri kadiri ulivyoipangia, kisha inazima. Ukiifunga kwa namna nyingine inawasha na kuzima mfululizo bila kukoma, mara moja kwa dakika ukitaka, au mara maelfu kwa sekunde. King'ora cha mwizi, taa za kumetameta za duka, kengele ya tangi la maji likijaa, kinanda cha mtoto cha noti chache: vyote hivyo vijana wetu wanaviunda kwa 555 kabla hawajajua hesabu za transista. Watu wengi waliopenda umeme walianza kuupenda hapo.

Ili kumwelewa Camenzind ni lazima turudi Sunnyvale, California, mwishoni mwa miaka ya 1960. IC ilikuwa kitu kichanga. Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha ya kwanza mwaka 1958, na Robert Noyce wa Fairchild akaja na njia yake mwaka uliofuata. Mwanzoni zilitengenezwa za hesabu za kompyuta, kwa sababu hizo hazidai usahihi mkubwa kutoka kwa kila kipande. Za analogi zilionekana ndoto. Redio na vipaza sauti vilihitaji rizista na kapasita zilizopimwa vizuri, na silikoni ya wakati ule haikuweza kutoa hata kimoja kati ya hivyo kwa uhakika. Aliyevunja ukuta huo ni Bob Widlar wa Fairchild, kwa chipu yake ya µA702 mwaka 1964 na µA709 mwaka 1965. Mwaka 1968 Dave Fullagar, naye wa Fairchild, akatoa µA741, ile opampu ambayo kila mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha sita ameichora kama pembetatu. Mwaka huohuo Camenzind alijiunga na kampuni ya Signetics, akitokea maabara ya kampuni ya P. R. Mallory huko Massachusetts. Alikuwa na shahada ya pili ya uhandisi wa umeme kutoka Northeastern University ya Boston, na tayari alikuwa ameandika kitabu kuhusu kubuni saketi za namna hii.

Signetics walimpa kazi ya saketi inayofuata mawimbi ya redio, yaani saketi yenye osileta ndani yake inayojirekebisha mpaka iende hatua kwa hatua na mawimbi yanayoingia. Kwa kazi hiyo alihitaji osileta ambayo mwendo wake unawekwa na rizista moja na kapasita moja za nje, na ambayo haiyumbi volti zikishuka wala joto likipanda. Aliipata. Kisha akagundua kwamba akiibadilisha kidogo anapata kitu kingine kabisa: saa ndogo ya umeme, inayoshtuliwa, ikahesabu, ikanyamaza. Ni kitu chepesi kukieleza, lakini sokoni hakikuwapo.

Ikaja hali mbaya ya uchumi. Signetics walipunguza wafanyakazi kwa wingi, na Camenzind akaona afadhali aondoke ajitegemee. Aliipa kampuni pendekezo: yeye aache ajira, wao wamlipe kwa mkataba aibuni hiyo saa. Idara ya uhandisi ilikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba kampuni ilikwisha kuwa na IC ambazo mteja akiziunganisha anajitengenezea kipima muda, basi kwa nini kujiharibia soko? Aliyeokoa jambo ni meneja wa masoko, Art Fury. Yeye alizijua shida za wateja, akaona kwamba mtu hataki kununua vipande vitano ikiwa kimoja kinatosha. Nimefanya kazi miaka mingi na wahandisi wazuri, nami najua jinsi mhandisi anavyoweza kushindwa kuona thamani ya kitu kwa sababu tu kitu hicho ni rahisi. Fury alistahili shukrani ambayo hajaipata.

Basi ikawa mwaka 1970, mtu ana mke na watoto wanne nyumbani, mapato yake kwa mwaka hayafiki dola 15,000, ofisi yake ni chumba kidogo kilichobanwa kati ya migahawa miwili ya Kichina katikati ya mji wa Sunnyvale. Hapo ndipo 555 ilipobuniwa.

Kazi ilichukua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo ilikwenda kwenye bodi ya majaribio. Alifunga saketi kwa transista mojamoja, akapima, akabadilisha, akapasha joto, akapoza, akapima tena. Hakuwa na kompyuta ya kumwambia saketi itafanyaje. Alipokwisha kuridhika ilianza kazi ya mikono ambayo kizazi cha leo hakiifahamu. IC hutengenezwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, na kila tabaka lina ramani yake. Ramani hizo zilikatwa kwenye plastiki iitwayo Rubylith: karatasi angavu ngumu iliyofunikwa kwa utando mwembamba mwekundu. Mchoraji anaweka karatasi juu ya meza yenye taa chini, anashika kisu kikali, anakata utando mwekundu bila kugusa plastiki ya chini, kisha anaubandua kwa koleo ndogo na kuacha madirisha. Ramani inakatwa ikiwa kubwa mara mamia kuliko chipu yenyewe, halafu inapigwa picha na kupunguzwa, ikapunguzwa tena, mpaka ienee kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko punje ya mchele. Ukikosea pembe moja ya dirisha moja, transista haifanyi kazi, na hujui hadi kiwanda kimekurudishia silikoni. Camenzind alikata zake kwa mkono wake. Kwa hesabu yake mwenyewe mchoro wa mwisho ulikuwa na transista 23, rizista 16 na diodi 2.

Mchoro wa kwanza ulipitishwa na wakaguzi wa kampuni kiangazi cha mwaka 1971. Mtu mwingine angekwenda kulala. Mchoro ule ulijaza kapasita kwa mkondo usiobadilika, njia nadhifu ya vitabuni, lakini ulihitaji miguu tisa, na hapakuwa na kasha la miguu tisa. Lililofuata baada ya la minane ni la kumi na minne, kubwa na ghali. Camenzind aliendelea kuutazama mchoro uliokwisha kupita, akaona kwamba ule mkondo usiobadilika hauhitajiki hata kidogo: rizista ya kawaida, moja kwa moja kutoka kwenye chanya ya betri, inatosha. Mguu mmoja ukaondoka, na transista kadhaa nazo zikaondoka. Aliurudisha mchoro kwa wakaguzi, ukapita mara ya pili. Chipu ikaingia sokoni mwaka 1972, na Fury ndiye aliyeipa namba.

Uamuzi huo wa rizista ya kawaida ndio ninaotaka msomaji akae nao kidogo, kwa sababu umo ndani yake ubora wote wa mtu huyu.

Ndani ya 555 kuna rizista tatu zilizopangwa mfululizo kutoka chanya hadi hasi, zote sawa, kila moja ohmu 5,000. Kwa kuwa ni sawa, zinaugawa umeme wa betri katika mafungu matatu. Kwenye maungio yake kuna vilinganishi viwili: kimoja kinatazama theluthi moja ya volti, kingine theluthi mbili. Nje ya chipu, kapasita yako inajazwa kupitia rizista yako. Volti za kapasita zikifika theluthi mbili, kilinganishi kinasema basi, chipu inazima kilichowashwa na kuimwaga kapasita kupitia mguu wa saba. Ni hayo tu.

Sasa fikiria hali ya silikoni ya wakati ule. Ukichora rizista ya ohmu 5,000, kiwandani inaweza kutoka 4,000 au 6,000, na ikipata joto inabadilika tena. Lakini rizista tatu zilizochorwa jirani, juu ya kipande kimoja, kwa umbo moja, hukosea zote pamoja na kwa kiasi kilekile. Tofauti kati yao ni asilimia moja hivi. Camenzind hakuidai silikoni ohmu 5,000. Aliidai kitu kimoja tu ambacho iliweza kukitoa, yaani usawa.

Upande wa betri ni hivyohivyo. Betri ikiwa ya volti 9, mipaka ni 3 na 6. Betri ikichoka ikafika 6, mipaka inashuka yenyewe hadi 2 na 4. Kapasita, kwa kuwa inajazwa na betri ileile, nayo inapanda taratibu zaidi kwa kadiri ileile. Muda unabaki ule ule. Mkate uwe mkubwa au mdogo, theluthi yake ni theluthi. Kanuni ya muda tunayowafundisha wanafunzi ni fupi: zidisha rizista kwa kapasita, kisha zidisha kwa 1.1. Hiyo 1.1 ni logi asilia ya 3 iliyokadiriwa, na 3 yenyewe inatoka kwenye yale mafungu matatu. Itafute volti ndani ya kanuni hiyo, haimo.

Mtu aliyezaliwa mahali ambapo umeme unakuja safi na betri zinatupwa mapema anaweza kuuona mpango huu kama urembo wa hesabu. Mimi nimeona maana yake mezani. Umeme wetu wa ukutani hushuka jioni watu wote wakiwasha taa na majiko. Betri ya gari inayotumiwa na sola asubuhi si ile ya usiku. Vifaa vingi vinavyokuja kwetu vimebuniwa kwa ajili ya nyumba ambamo volti hazichezi, na tunavizika kila siku. Chipu ya Camenzind ilibuniwa na mtu aliyechukulia tangu mwanzo kwamba sehemu zake zitakuwa hafifu na umeme wake utayumba, akaupanga mchoro ili kasoro hizo zifutane zenyewe kwa zenyewe. Hakututengenezea sisi, wala sidhani aliwahi kutufikiria. Lakini kati ya vitu vyote vilivyotoka bonde lile la California miaka ile, hiki ndicho kilichofika kwetu kikiwa tayari kwa maisha yetu.

Kuna binti wa mwaka wa pili aliyekuja na kazi yake ya mradi. Alitaka friji ya nyumbani kwao isiwake papo hapo umeme unaporudi, kwa sababu kompresa ikilazimishwa kuanza wakati gesi bado ina shinikizo, huungua. Alichukua 555, rizista ya megaohmu 1.5 na kapasita ya mikrofaradi 100. Zidisha, unapata sekunde 165, karibu dakika tatu. Hesabu ilikuwa safi. Aliposhtua saketi, rilei ilitulia kama ilivyotakiwa, zikapita dakika tatu, tano, kumi, nayo haikushtuka.

"Mwalimu, hii 555 ni mbovu."

"Ilete hapa, mwanangu. Umepima nini?"

Alikuwa hajapima kapasita. Tuliweka mita. Volti zilipanda hadi 5 na ushee, zikagoma hapo, wakati mpaka wa theluthi mbili kwa betri ya volti 12 ni 8. Kapasita ilitoka kwenye redio iliyokufa, ilikuwa imekauka ndani, ikawa inavujisha umeme. Rizista kubwa namna ile inapitisha mikroampea chache tu, na kapasita ilikuwa inavuja mikroampea hizohizo. Kiasi kinachoingia ndicho kinachotoka. Tuliweka kapasita mpya isiyovuja, mita tukaiondoa ili nayo isinyonye, tukasubiri. Rilei ikalia. Ile 555 iliyotukanwa ilikuwa ileile.

Nalisimulia hili kwa sababu linaonyesha alichokiacha nje na alichokiweka ndani. Usahihi wa muda umo katika vitu viwili vya nje ambavyo mtumiaji anavichagua mwenyewe, ghali au rahisi, kwa kadiri ya mfuko wake na ya kazi yake. Ndani ya chipu kuna maamuzi tu. Angeweza kuifungia kapasita ndani akatoa chipu ya dakika moja, nyingine ya sekunde kumi. Alichotoa kinafaa kwa mikrosekunde na kwa dakika, kwa mtoto wa shule na kwa kiwanda, na ndiyo maana hadi leo wabunifu wanakutana na matumizi ambayo yeye hakuyawaza.

Haikukosa kasoro. Sehemu yake ya kutoa umeme inapogeuka kutoka kuwaka kwenda kuzima, transista mbili za mwisho hufunguka kwa pamoja kwa muda mfupi mno, zikavuta mkondo mkubwa kutoka kwenye betri, na IC jirani zikachanganyikiwa. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi waweke kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1 karibu kabisa na miguu ya kwanza na ya nane, na ndiyo sababu wasioiweka wanalalamika. Pia inakula umeme hata ikiwa imekaa bure. Kampuni nyingine zilikuja kutoa aina zinazotumia umeme kidogo sana. Camenzind mwenyewe aliirudia kazi yake miaka ya 1990, akaichora upya kwa ajili ya kampuni ya Zetex ya Uingereza: ZSCT1555, inayofanya kazi hata kwa volti 0.9, yaani kwa betri moja ya tochi iliyokwisha kuchoka. Zaidi ya miaka ishirini baada ya sifa zote, mtu anarudi kurekebisha mchoro ambao dunia nzima imeukubali. Hilo linanigusa kuliko mauzo.

Mauzo nayo yalikuwa makubwa kupita kiasi. Kampuni zilizorithi Signetics zinayataja kwa mabilioni. Signetics haikuomba hataza. Katika bonde lile mwanzoni mwa miaka ya 1970 kila kampuni ilinakili za mwenzake, na haukupita muda mrefu kampuni nyingine zikawa na 555 zao. Kwa haki ya mbunifu hilo ni jambo la kusikitisha, nami silifichi. Kwa upande wetu liliamua kila kitu. Chipu inayotengenezwa na kampuni nyingi kwa miguu ileile na namba ileile hushuka bei, haikosekani, wala haifi kampuni moja inapokufa. Signetics ilinunuliwa na Philips mwaka 1975, jina lake likapotea baadaye, na 555 ikaendelea kufika Kariakoo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikazaa na ndugu: 556 ni mbili ndani ya kasha moja, 558 ni nne. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilitumia 558 kusoma vitufe vya kuzungusha vya michezo: ukigeuza kitufe, rizista inabadilika, muda unabadilika, na kompyuta inahesabu muda huo kujua umegeuza kiasi gani. Ni hesabu ileile ya yule binti wa friji.

Camenzind hakukaa kuila sifa hiyo. Alianzisha kampuni ya Interdesign, akafanya jambo ambalo kwa mafundi wa IC ni kubwa kuliko 555 ingawa watu hawalijui. Kubuni chipu mpya kulikuwa ghali mno kwa kampuni ndogo. Yeye akatengeneza silikoni iliyojaa transista na rizista zisizounganishwa, akaziweka akiba. Mteja alileta saketi yake, na kilichobaki ni kuchora tabaka moja tu la mwisho la metali linalounganisha vipande hivyo. Gharama ikashuka, muda ukafupika. Interdesign ilinunuliwa na Ferranti ya Uingereza mwaka 1977, naye akaanzisha nyingine, Array Design, akaendelea kubuni. Bado alikuwa anabuni alipofika miaka 75. Mwaka 2005 alitoa kitabu, Designing Analog Chips, na akaruhusu watu wakipakue bure. Hapo ndipo mimi nilipokutana naye kwa mara ya kwanza, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikikuza michoro kwa vidole viwili. Anaandika kama fundi anayemfundisha fundi. Hamtishi msomaji kwa hesabu. Anamwonyesha saketi, anamwonyesha inapovunjikia, anaitengeneza mbele yake. Miaka miwili baadaye akatoa kingine, cha historia ya elektroni, kwa watu wasiosomea umeme.

Historia ya fani hii imewapenda zaidi watu wa vituko. Widlar alikunywa sana, akavunjavunja kwa nyundo vipuri vilivyomsumbua mpaka vikawa vumbi, akaleta kondoo ale majani mbele ya ofisi za kampuni ya National Semiconductor. Alifariki Mexico Februari 1991, akiwa na miaka 53, na hadithi zake zinasimuliwa mpaka leo. Alikuwa bingwa wa kweli, sina ubishi. Juni 2011 dunia ya analogi ilipata pigo mara mbili ndani ya wiki moja: Jim Williams wa Linear Technology alifariki kwa kiharusi, na Bob Pease, aliyefanya kazi miaka mingi National, akafa katika ajali ya gari akitoka kwenye hafla ya kumkumbuka Williams. Hao wawili waliandika magazetini kwa miongo kadhaa, wasomaji wao waliwajua kama ndugu, wakawalilia. Camenzind alifuata miezi kumi na minne baadaye. Hakuwa na nyundo wala kondoo. Alikuwa na familia ya kulisha, kisu cha kukatia Rubylith, na tabia ya kuutazama tena mchoro uliokwisha kupitishwa. Kwangu mimi, kama ni kuchagua nani awekwe mbele ya vijana wanaoanza ufundi, ningemweka huyu, kwa sababu yale aliyoyafanya yanaweza kuigwa. Kipaji cha Widlar huwezi kumwagiza mwanafunzi awe nacho. Kuupima mchoro mara nyingine baada ya kusifiwa unaweza kumfundisha.

Ninawaandikia basi walimu wenzangu wa fizikia na elektroniki. Mkifika kwenye somo la 555, msianze na miguu minane na kanuni ya kukariri. Chora kwanza zile rizista tatu, mwambie mwanafunzi ni nani aliyezipanga hivyo na mwaka gani. Kisha mpe betri mbili za volti 9, moja mpya na moja iliyotumika mpaka ikachoka, mpe na saa. Aunde kipima muda cha sekunde kumi na moja: rizista ya megaohmu 1, kapasita ya mikrofaradi 10, iwe mpya. Apime kwa betri ya kwanza, apime kwa ya pili, aziandike namba mbili ubavu kwa ubavu, na aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini zinakaribiana.